Haramia Mwana-upanga na Joka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nayajibu karibu kila wiki, kwenye meza ninayosimamia na kwa watu wanaonitumia meseji, kwa hiyo nimeamua niyaweke pamoja yote. Karibu kila kitu hapa ni Dungeons & Dragons toleo la 5, gemu ya mezani ya kuigiza karakta kwa kurusha dado, zile sheria zilizotoka 2014, na pale nitakapoongelea gemu nyingine ntaitaja kwa jina. Mi huyu karakta nampenda kuliko wote, nimemcheza miaka, na kinachoniuma ni kuona watu wanamleta mbele ya joka wakidhani atashinda kwa upanga, wakati upanga ndo kitu cha tatu kwa umuhimu alichonacho. Cha kwanza miguu, cha pili mdomo.

Haramia mwana-upanga ni nani hasa kwenye hizi gemu?

Ni yule jamaa wa baharini mwenye mbwembwe, mwizi kidogo, muongo kidogo, hapigani akiwa amejificha nyuma ya ngao wala hajavaa chuma mwili mzima, ye anategemea wepesi na maneno. Kwenye D&D anaitwa Swashbuckler, ni tawi la Rogue, lile darasa la wezi na wajanja. Jina lenyewe la zamani sana, lilianza kama tusi la karne ya 16 kwa vijana waliokuwa wanatembea mitaani wakigonga panga zao kwenye ngao ndogo ili watu wawaogope. Makelele kwanza, kupigana baadae. Ukiijua hiyo asili unamwelewa huyu mtu mara moja: vita yake inaanza kabla hajachomoa upanga.

Kwa nini kila mtu anataka kumkutanisha na joka?

Kwa sababu ni mwizi anakutana na mwizi. Joka limekalia dhahabu ambayo halijafanyia kazi hata siku moja, limeipora kwenye miji na misafara, na haramia hivyo hivyo. Wote wana majivuno, wote wanapenda kusikia sifa zao, wote wanaamini mali ya mtu mwingine ni mali ambayo bado haijawafikia. Ukimleta knight mbele ya joka unapata vita tu, lakini ukimleta haramia unapata mazungumzo, na mazungumzo yale ndo utamu wenyewe, manake joka jekundu mzima lina akili nyingi kuliko watu wengi waliopo mezani na linaongea lugha ya kawaida vizuri kabisa.

Nimtengeneze vipi? Pointi niweke wapi?

Wepesi kwanza, haiba pili, uvumilivu wa mwili tatu. Haiba usiipuuze, kuanzia levo ya 3 unapata kitu kinaitwa Rakish Audacity ambacho kinaongeza haiba yako kwenye kutafuta nani anaanza vita, na baadae kwenye levo ya 9 mdomo wako unakuwa silaha kamili. Kwa historia yake chukua baharia, na kuna aina ya baharia ambaye ni haramia moja kwa moja, unapata ile sifa mbaya inayofanya watu wa bandarini wakuogope na kufumbia macho makosa madogo madogo.

Hekima watu huwa wanaiacha chini kabisa na mi naelewa kwa nini, ila soma swali la woga hapo chini kabla hujafanya hivyo.

Silaha gani? Rapier si ndo yenyewe?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wengi wanakosea.

Rapier inapendeza, ule upanga mrefu mwembamba, dado ya pande 8. Lakini siyo silaha nyepesi kwa sheria, na hii ina maana huwezi kushika nyingine mkono wa pili na kupiga mara mbili mpaka uwe umechukua kipaji cha ziada. Sasa Rogue nguvu yake yote iko kwenye shambulio la kuvizia, yale madhara ya ziada yanayoingia mara moja kwa zamu. Ukikosa hilo pigo moja zamu yako imeisha hivyo hivyo, umesimama mbele ya joka na hujafanya kitu.

Chukua upanga mfupi mkono mmoja na jambia mkono mwingine. Tupige hesabu na joka jekundu changa, lile lenye kinga 18 (namba ambayo pigo lazima lifikie) na uhai 178. Haramia wa levo ya 10 mwenye wepesi wa mwisho anaongeza 9 kwenye dado ya pande 20, kwa hiyo anahitaji dado itoe 9 kwenda juu, ni asilimia 60. Ukiwa na rapier pigo likiingia unatoa wastani wa 27, ukiweka na zile mara unazokosa inabaki kama 16 kwa zamu. Ukiwa na upanga mfupi na jambia una nafasi mbili za kuingiza lile shambulio la kuvizia, inapanda kutoka asilimia 60 mpaka 84, na wastani unafika kama 21 kwa zamu. Yaani umepoteza pointi moja ya dado ukapata tano za kweli.

Na kuna sababu ya pili ambayo kwa haramia ni kubwa zaidi: bahari. Ukiwa ndani ya maji na huna spidi ya kuogelea, silaha nyingi za mkononi zinapiga kwa hasara, unarusha dado mbili unachukua ndogo, na ukiwa na hasara hakuna shambulio la kuvizia kabisa. Rapier ipo humo. Zinazosalimika ni chache, jambia, upanga mfupi na jamii ya mikuki. Mi nimemwona mchezaji mezani kwetu karukia maji na rapier yake ya uchawi aliyoitafuta miezi, akakaa zamu nne chini ya meli hajaweza kuvizia hata mara moja, na jambia alikuwa nalo kiunoni muda wote, hakuna aliyemkumbusha kwa sababu hakuna aliyekuwa anaijua sheria. Toka siku hiyo kwenye karatasi za wachezaji wangu wote naandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu pembeni ya jambia: MAJI.

Mabaharia wa kweli nao walikuwa wanashika panga fupi nene, sehemu ya juu ya meli imejaa kamba na watu, upanga mrefu unauzungushia wapi.

Nikimpiga joka na kurudi nyuma, halinirukii?

Kwa zamu yako hapana. Levo ya 3 inakupa Fancy Footwork, ukishamjaribu mtu kwa silaha ya mkononi, umpate usimpate, hawezi kukupiga unapoondoka mpaka zamu yako iishe. Huna haja ya kutumia kitendo chako cha ziada kujitoa, kwa hiyo kinabaki kwa ajili ya jambia.

Lakini sikiliza, joka likishakuwa mzima lina vitendo vya kilejendari, vitatu kwa raundi, na linavitumia mwisho wa zamu za watu wengine. Mkia wa joka jekundu mzima unafika futi 15. Wewe umepiga, umerudi futi 10 unajiona uko salama, zamu yako inaisha, mkia huo hapo. Fancy Footwork haiuzuii kwa sababu zamu yako imeshaisha. Rudi futi 20 au zaidi, kila mara.

Shambulio la kuvizia linahitaji mwenzangu awe karibu na joka?

Kwa Rogue wa kawaida ndiyo, au yeye mwenyewe awe na faida kwenye dado, yaani anarusha mbili anachukua kubwa. Kwa huyu wetu ipo njia ya tatu: ukiwa ndani ya futi 5 za adui na hakuna kiumbe mwingine ndani ya futi 5 zako, inaingia, mradi tu huna hasara. Joka ni kubwa, kwa hiyo mwenzako akisimama upande wa pili wa mwili wake mnapata wote. Anayekuharibia ni yule anayekuja kusimama ubavuni kwako kukulinda wakati hakuna mwingine anayeligusa joka. Hata hivyo akiwa ubavuni kwako na yeye pia analigusa joka, ile njia ya kawaida inafanya kazi, kwa hiyo kwa kweli hii shida haitokei mara nyingi kama watu wanavyoogopa.

Pumzi ya moto ntaikwepaje?

Ukifika levo ya 7 unapata Evasion na hii ndo zawadi kubwa kuliko zote. Joka jekundu changa linatema dado 16 za pande 6, wastani 56. Haramia wa levo ya 10 mwenye mwili wa kawaida ana uhai kama 73. Mwenzako mchawi hapo ni majivu. Wewe mtupo wako wa kujiokoa kwa wepesi unaongeza 9 na unahitaji kufika 17, ni asilimia 65 kupita, na ukipita huumii KABISA, ukifeli unaumia nusu. Unaweza kusimama katikati ya moto kofia inafuka moshi na bado unaongea.

Ila inategemea rangi na watu hawalisomi hili! Evasion inasaidia kwa mitupo ya wepesi tu. Joka jekundu moto, la bluu radi, jeusi tindikali, hayo yote ni wepesi, uko vizuri. Jeupe linatema baridi na la kijani linatema sumu, na hizo ni mitupo ya mwili, Evasion haipo, unakula kama wengine. Haramia aliyezoea kucheka mbele ya joka jekundu akikutana na la kijani anakufa akiwa bado anacheka.

Ujanja mwingine wa baharini, aliyezama mwili mzima kwenye maji anapata nusu tu ya madhara ya moto. Kwa hiyo likianza kuvuta pumzi juu ya meli na mchawi wenu yuko karibu na ukingo, msukumie majini. Atakasirika, ila atakuwa hai.

Na kobe-joka wa baharini je?

Huyu namheshimu kuliko joka lolote linaloruka, na ndo adui wa kweli wa maharamia manake anakaa njia za meli na kudai ushuru. Kinga 20, uhai 341. Pumzi yake ni mvuke, mtupo wa mwili, kwa hiyo Evasion hakuna, halafu sheria zenyewe zinasema waziwazi kuwa mvuke huo kuwa ndani ya maji hakukupunguzii kitu. Vitu vyote viwili ulivyojifunza hapo juu vimekufa. Mpe dhahabu. Nasema kwa moyo mmoja, mpe dhahabu, ongea naye vizuri, mpite.

Woga: joka mzima likituangalia tunaganda, nifanyeje?

Hili ndo linaloua haramia wengi kuliko moto. Joka jekundu mzima linapotisha, kila aliyemo ndani ya futi 120 anatupa hekima na lazima afike 19. Wewe hekima uliiacha chini. Ukiogopa unapata hasara kwenye mapigo yako yote wakati unaliona, na hasara ina maana hakuna kuvizia, na juu ya hapo huwezi kulisogelea kwa hiari. Yaani haramia mwenye woga ni mtu mwenye kisu tu. Rogue anakuja kupata msaada kwenye mitupo ya hekima levo ya 15, mapema zaidi ya hapo uko peke yako.

Kuna dawa mbili nzuri. Ya kwanza ni ule uchawi wa karamu, Heroes' Feast, mnakula pamoja kabla ya vita na hakuna anayetishika, ila kila mara linaondoka bakuli la vito la thamani ya sarafu 1,000 za dhahabu, na haramia ndo atalalamika kuliko wote. Ya pili ni Paladin, yule askari mtakatifu, wa levo ya 10, akiwa macho hakuna rafiki anayetishika ndani ya futi 10 zake. Futi 10! Wewe unataka watu wawe mbali na wewe zaidi ya futi 5, kwa hiyo mahali pako ni hapo hapo katikati, usimwache akugande ubavuni na usimkimbie. Ile nafasi ndogo mnayoachiana, mkiizoea, mnakuwa kama watu wanaocheza ngoma moja.

Mdomo je? Naweza kweli kulitukana joka?

Unaweza na ni sheria kabisa, siyo mapambo. Levo ya 9, inaitwa Panache. Unatumia kitendo chako, joka lazima likusikie na muwe na lugha moja, halafu ushawishi wako unashindana na utambuzi wake. Joka jekundu mzima linaongeza 1 tu hapo. Wewe wa levo ya 10 ukiwa umewekeza kwenye ushawishi unaongeza 11. Na cha kupendeza, majoka makubwa yana ile haki ya kukataa kufeli mara tatu kwa siku, lakini haki hiyo ni ya mitupo ya kujiokoa, na hili ni shindano, siyo mtupo wa kujiokoa. Halina pa kukimbilia, limetukanwa limetukanika.

Likishindwa, kwa dakika moja linapiga kwa hasara mtu yeyote asiye wewe. Sasa tahadhari tatu. Mwenzako mmoja akilishambulia au kulitupia uchawi, imekatika. Mkiachana zaidi ya futi 60, imekatika. Na pumzi ya moto siyo pigo la dado, kwa hiyo bado litawachoma wote likitaka. Maana yake hii siyo ya kushinda vita, ni ya kununua muda: kumbeba aliyeanguka, kufungua pingu za mateka, kusogeza boti. Ukiitumia vizuri mara moja kwenye kampeni nzima watu wataiongelea mwaka mzima.

Na usiseme tu "nalitukana", sema maneno! Liulize kwa nini limelalia sarafu za shaba. Liambie joka la jirani lina hazina kubwa. Joka linaumia kwenye hesabu ya mali yake kuliko kwenye magamba.

Kama unaona hii ya upanga na matusi umeiona pahala, ndiyo, The Secret of Monkey Island ya 1990, pale mapambano yote ya upanga ni kurushiana vijembe na anayekosa jibu ndo anarudi nyuma.

Likiruka juu nafanya nini? Upanga haufiki.

Hufanyi chochote na upanga, kubali. Joka linaruka futi 80 kwa zamu, likiwa na akili halishuki, linasubiri pumzi ijae linapita tena. Kwa hiyo beba upinde mfupi na ujifiche nyuma ya kitu kabla ya kufyatua ili upate faida, au mpange pahala pa kupigania kabla ya vita: pangoni lenye dari fupi, kati ya milingoti na matanga, kwenye daraja la mawe. Vita na joka mnaishinda au mnashindwa kutokana na pale mlipochagua kusimama. Likija uwanja wa wazi, kimbieni.

Naweza kuliua joka changa peke yangu?

Hapana. Kwa ile hesabu ya juu unahitaji kama raundi 8 au 9 na hapo halijaruka. Lenyewe likikung'ata na kukukwaruza kwa kucha zote mbili zikaingia zote ni kama 46 kwa zamu. Una 73.

Kwenye gemu za kompyuta nimpate wapi?

Baldur's Gate 3 ilimwongeza Swashbuckler kwenye toleo la marekebisho namba 8, Aprili 2025, na joka la shaba nyeusi lililopo chini ya mji (sisemi zaidi kwa ambao hawajafika) litakufundisha kutafuta nguzo ya kujificha kuliko kitu chochote. Dragon Age II ya 2011 ina Isabela, nahodha haramia mwenye majambia mawili, na mti wake wa vipaji unaitwa Swashbuckler hivyo hivyo, na kuna joka kubwa la hiari kule Bone Pit, nenda naye, huyo dada anapendeza kwenye vita ile. Kwa mezani, Pathfinder toleo la 2 ina darasa zima la Swashbuckler tangu 2020, unakusanya mbwembwe kwanza kwa kufanya vitu vya hatari halafu unazitumia zote kwenye pigo la kumaliza. Kwa ladha ya kiharamia hiyo naipenda hata kuliko D&D.

Haramia anaweza kuwa shujaa kweli? Si ni mwizi?

Mpe mkataba. Maharamia wa kweli walikuwa nao, wale wa Bartholomew Roberts aliyekufa 1722 walikuwa na sheria zilizoandikwa, kila mtu ana kura, hakuna kucheza kamari kwa pesa, taa zinazimwa saa mbili usiku. Karakta anayeiba kila kitu kwa kila mtu anachosha baada ya siku mbili, lakini anayeiba kila kitu isipokuwa kwa wenzake, na kuna ahadi moja ambayo hajawahi kuivunja, huyo watu watamfuata mpaka kwenye mdomo wa joka.

Joka likifa, hazina tunagawaje bila kugombana?

Tumieni mgao wa Roberts huo huo, sisi ndo tunaoutumia: nahodha na msaidizi wake mkuu (quartermaster) mafungu mawili mawili, bosi wa mizinga na wale wa ngazi yake fungu moja na nusu, maofisa wengine fungu moja na robo, waliobaki fungu moja moja. Na kabla ya kugawa chochote mnatoa ya waliopoteza mkono au mguu, inatoka kwenye mfuko wa wote. Kwenye kampeni yetu ya mwisho haramia wetu alipoteza jicho kwa lile joka, akalipwa wa kwanza, sarafu zikahesabiwa moja moja mezani huku wengine wote tumenyamaza tunasubiri zamu zetu.